Ndege Hakulia

Siku ambayo kijana wa machimboni aliingia saluni akiwa na habari ya kifo, watu wote mle ndani walikuwa wakibishana kuhusu kifo cha mtu mwingine, na mtu huyo hakuwahi kuishi popote isipokuwa kitabuni.

"Amekufa," alisema fundi viatu. Yeye alifanyia kazi zake barazani, chini ya dirisha la saluni, na ubishi wake wote aliupitishia hapo dirishani. "Katumbukia shimoni, taa imezimika, kitabu kimekwisha. Mnataka mwandishi awapigie simu?"

"Mwili uko wapi?" aliuliza kinyozi. Hakugeuza shingo. Mkono wake ulikuwa ukipandisha mashine taratibu kwenye kisogo cha mteja, na alama ya chini ya masikio ilikuwa imenyooka kama kawaida yake.

"Mwili uko shimoni!"

"Umeuona?"

"Wewe kinyozi, nitauonaje na mimi simo kitabuni?"

Kitabu chenyewe kilikuwa cha tano katika mfululizo wa *Milima Isiyolala*. Binti wa kinyozi, aliyeuza kalamu na kupiga fotokopi katika duka la vifaa vya shule, ndiye aliyekileta nyumbani na kukijalidia kwa nailoni. Baba yake akawa anakisoma kwa sauti kila alasiri kwa yeyote aliyekalia benchi. Shujaa wake aliitwa Mbeba Taa, kijana aliyeaga kwao tangu kitabu cha kwanza kwenda kutafuta moto wa milimani. Katika ukurasa wa mwisho kabisa wa kitabu cha tano alitumbukia katika Shimo la Upepo, na mwandishi hakuona haya kumalizia hapo hapo: *Na taa ikazimika.* Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyenyolewa kwa amani.

"Mwandishi huyu nikikutana naye njiani simwitikii salamu," alisema Kipara, mzee mstaafu ambaye hakuwa na unywele hata mmoja wa kunyoa lakini alikuwa na nafasi yake ya kudumu kwenye benchi.

"Si wewe peke yako," binti alisema. Alikuwa amepita kumletea baba yake chakula, na sasa alikuwa ameegemea ukuta, macho kwenye simu. "Wasomaji wamechachamaa. Kuna mama mmoja ameandika kwamba ameunguza chakula cha mumewe na wala hajuti. Mwingine anasema atarudisha vitabu vyote vitano dukani, arudishiwe na machozi yake."

"Na wanasema amekufa au yu hai?" fundi viatu aliuliza.

"Wamegawanyika."

"Wenye akili wamekaa upande mmoja," kinyozi alisema. Akazima mashine, akainua kitana juu kama mwalimu mwenye chaki. "Nisikilizeni. Kitabu cha kwanza kinatwambia nini? Kwamba yule ndege mwenye macho matatu hulia kila Mbeba Taa wa ukoo ule anapokufa. Alilia kwa babu yake. Akalia kwa mjomba wake. Safari hii ndege yuko wapi? Yuko juu ya mwamba, anajichokonoa manyoya. Hakulia! Ndege hakulia, fundi!"

"Labda alikuwa amelala."

"Ana macho matatu! Alale yote?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mwishoni mwa benchi hilo, kijana mmoja mgeni hakucheka. Alikuwa amekaa na begi lenye vumbi magotini, akilikumbatia kama mtu aliyepakata mtoto. Aliposalimia alisema tu kwamba angemsubiri kinyozi amalize. Fundi viatu akaingiza kichwa chote dirishani.

"Hebu tumuulize mgeni, asije akasema tunaonea mtu. Mwanangu, kijana katumbukia shimoni, shimo limemfunika. Wewe unaonaje? Yu hai au amekufa?"

Mgeni aliwatazama mmoja mmoja. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa safari. Alijibu kwa sauti ndogo, akimtazama kinyozi peke yake.

"Amekufa. Nilikuwepo."

Saluni ikalipuka. Kipara alijipiga mapaja. "Alikuwepo! Jamani huyu kaingia mpaka ndani ya kitabu!" Fundi viatu alicheka hadi nyundo ikamponyoka, akapangusa machozi kwa kiganja chenye gundi. "Ulikuwa ukurasa wa ngapi, mwanangu?"

Kinyozi hakucheka. Alikuwa ameliona lile begi. Mkanda wake ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi mweupe mnene wa viatu.

*

Alimpeleka mgeni nyuma ya pazia, kwenye kichumba cha taulo na ndoo. Mteja aliachwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

Kijana alieleza kwa kifupi, kama mtu aliyekariri njiani ili asikwame. Yeye na mtoto wa kiume wa kinyozi walilala chumba kimoja machimboni. Shimo lilititia asubuhi, watu watatu wakiwa chini, mtoto huyo akiwa mmoja wao. Waliobaki juu walichimba kwa majembe na kwa mikono mpaka mwenye mgodi alipokuja kuwaambia kwamba kuta zote zinamwagika, wakiendelea atakuwa na vifo zaidi. Kisha akafukia mdomo wa shimo.

Akafungua begi. Mlikuwa na mashati mawili, ndala, na mashine ya mkono ya kunyolea, ile ya zamani ya chuma ambayo kinyozi alimpa mwanawe siku aliyoondoka. Alimwambia, huko uendako watu wana nywele, hutalala njaa.

Kinyozi aliichukua. Akaibana mara mbili. Meno yakapitana bila kukwaruza. Akainusa.

"Imepakwa mafuta," alisema. Uso wake ukafunguka. "Mtu aliyekufa hapaki mashine mafuta."

"Niliipaka mimi, mzee. Yeye ndiye aliyenifundisha. Sikutaka kukuletea ikiwa na kutu."

Kinyozi aliendelea kuibana na kuiachia. "Kwa hiyo hukumwona."

"Nilimsikia, baba."

"Ulisikia nini?"

"Alituita. Aliita kwa muda. Halafu hakuita tena."

"Hakuita tena," kinyozi alirudia. "Huko si kufa. Huo ni ukimya." Akaifunga mashine katika taulo safi, akaiweka juu kabisa ya rafu, akarudi kumalizia nusu ya kichwa iliyobaki. Mteja alisema baadaye kwamba hakuwahi kunyolewa vizuri namna ile.

*

Mke wa kinyozi alifua mashuka katika nyumba ya wageni. Jioni alirudi na vidole vilivyokunjamana kwa maji na kumkuta kijana asiyemjua katika kiti chao kizuri, mumewe amesimama, binti yake ameketi sakafuni na uso umevimba. Hakuuliza. Alilitazama begi.

Kijana alisema tena yale aliyosema nyuma ya pazia. Alipofika kwenye neno "hakuita," mama alifungua kinywa, na kinyozi akamrukia, akamshika mabega.

"Usilie! Ukilia watu watakuja."

"Waje!"

"Wakija, amekufa."

Mama alimtazama mumewe. Halafu akauma ncha ya mtandio wake, akaketi juu ya ndoo iliyokuwa karibu, kwa maana kiti kilikuwa na mgeni. Sauti iliyokuwa imefika kooni ikarudi chini, na binti aliiona ikishuka.

"Baba watoto," alisema baadaye, "kijana amesafiri njia yote hiyo kuja kutudanganya?"

"Sijasema amedanganya. Nimesema hakuona. Watu watatu walikuwa chini. Machimbo yana njia nyingi, moja inatokea kwingine. Anaweza kuwa ametokea upande wa pili, ameumia, hana simu. Hakuna mwili, mke wangu."

"Hiki si kitabu chenu cha saluni."

"Sikusema ni kitabu."

"Unaongea kama kitabu."

Kijana wa machimboni aliinamisha kichwa. Kesho yake asubuhi aliaga. Mama alimfulia shati lake, akalikausha kwa pasi ili asivae bichi, akamwomba kwa kunong'ona mlangoni: "Alipoita, aliita nani?"

Kijana akajibu: "Alituita sisi sote, mama. Halafu mwishoni akawa anakuita wewe."

Mama alifunga mlango pole pole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

*

Msiba usiotangazwa hauna mahali pa kukaa. Mama alienda nao kazini. Alimwomba msimamizi wa nyumba ya wageni siku chache za kupumzika, na msimamizi, mwanamke kijana mwenye kucha nzuri, akaweka kalamu mezani.

"Pole sana, mama. Mwili umefika?"

"Hakuna mwili."

"Maziko ni lini?"

"Hakuna maziko."

"Basi msiba uko kwa nani? Tuje kuhani wapi?"

"Bado hatujakaa."

Msimamizi akashusha pumzi. "Mama yangu, mimi nakuheshimu. Lakini hapa kila mtu akichoka, anafiwa. Mkishakaa, niambie."

Mama akasema asante. Alirudi nyuma kwenye karo la kufulia, ambako shuka lililolowa linahitaji watu wawili kulikamua, mmoja akizungusha kulia na mwingine kushoto. Mwenzake alipoona uso wake akauliza ana nini. "Sabuni," alijibu. Tangu siku hiyo akawa anafungua bomba hadi mwisho kila alipokuwa peke yake, na maji yalipovuma ndani ya beseni aliweza kulia bila mtu kusikia. Msimamizi akamkemea kwa kupoteza maji.

Nyumbani, kitanda cha kijana kilitandikwa kama kawaida. Kinyozi alikagua mwenyewe. Alikuwa ameanza kusoma upya vitabu vyote tangu cha kwanza, na wakati wa chakula aliongea sana, macho yakimetameta, kuhusu kamba ambayo Mbeba Taa alipewa na Malkia wa Chumvi na ambayo watu wote wameisahau.

"Baba," binti alisema jioni moja, akijaribu kuchagua maneno, "mwandishi anaweza kumrudisha Mbeba Taa kwa sababu yeye ndiye anayeandika. Akitaka tu, anarudi."

"Na Mungu je?" kinyozi akauliza. "Yeye ameishiwa wino?"

Binti akainuka. Aliondoa sahani. Jikoni alimkuta mama yake amesimama mbele ya bomba lililofungwa, mkono umeshika koki, akisikiliza.

"Mimi ndiye niliyeleta vile vitabu," binti alisema.

"Acha, mwanangu."

"Ningeleta hata vya mapishi."

Mama alitaka kucheka na akashindwa, na wote wawili wakashikana mikono yenye povu mpaka kinyozi alipoita kuuliza kama kuna chai.

*

Saluni ilijaa. Habari zilikuwa zimeenea mtaani kwamba kinyozi ana hoja ambazo hata wasomaji wa kwenye simu hawajazifikiria, na watu wakawa wanakuja na nywele fupi kabisa ili wapate kusikiliza. Kundi la Hajafa lilikua kila wiki. Kipara aliingia. Wanafunzi wakaingia. Hatimaye akabaki fundi viatu peke yake upande wa Amekufa, na alijivunia upweke wake.

"Nyie mnabembelezana tu," alisema dirishani, misumari mdomoni. "Kijana wa watu kafa. Mwacheni apumzike."

"Toa hoja!" kinyozi alimjibu.

"Hoja ni hii. Kaanguka. Wanaoanguka hufa. Kamuulize daktari yeyote."

"Ndege je?"

"Hao ndege wako wana kazi nyingi!"

Wakacheka. Kinyozi alimpenda fundi viatu kuliko wote waliomuunga mkono. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango vizuri alikuwa anachungulia barazani kuhakikisha kwamba mwenzake amefika na yuko tayari kukataa.

Mchana mmoja, kinyozi akiwa amekwenda kununua wembe, mke wake alikuja na kiatu kilichoachia soli. Alikaa kwenye kigoda cha wateja. Fundi viatu alikipokea, akakikunja, akakitazama ndani.

"Shemeji, hiki kimekula chumvi yake. Nikikishona hapa kitafunguka pale."

"Kishone hivyo hivyo, fundi." Akatazama mtaani, kisha mikono yake. "Yule kijana mgeni aliyekuja na begi. Unamkumbuka?"

"Aliyekuwemo kitabuni!" Fundi viatu akaanza kucheka.

"Alikuwa analala chumba kimoja na mwanangu."

Sindano ilisimama katikati ya ngozi.

"Mwanangu amefukiwa machimboni, fundi. Hajapatikana. Baba yake amekataza tusilie. Anasema hakuna mwili. Nimechoka kulilia kwenye bomba." Aliongea bila kupandisha sauti, kama anayeeleza palipochanika. "Mimi akinisikia anaona nimemkatia tamaa mtoto. Binti hamsikilizi. Mtu pekee anayemsikiliza ni yule anayembishia. Ni wewe. Nakuomba umshinde. Hata kama ni kwa kitabu. Mshinde tu, ili nimlilie mwanangu."

Fundi viatu alitazama uzi mweupe mkononi mwake. "Lile begi," alisema polepole. "Mkanda nilishona mimi. Kijana wako alikuja nao siku moja kabla ya kuondoka. Nikamwambia huo hautakatika mpaka urudi." Akauweka uzi chini. "Nami nikamuuliza mwenzake ukurasa wa ngapi."

"Hukujua."

"Nilicheka, shemeji."

"Kila mtu alicheka. Mshinde."

Akaahidi.

*

Alijiandaa kweli. Yeye ambaye hakuwahi kushika hata kimoja cha vitabu vile, aliyekuwa akibisha kwa masikio tu, aliviazima kwa binti na kuvisoma barazani, kidole kikifuata mistari, viatu vya watu vikimsubiri. Alipata hoja. Alipata hoja nzuri kabisa: kwamba katika kitabu cha nne ndege alikuwa amejeruhiwa koo na mshale, na tangu hapo hakutoa sauti tena mahali popote. Ndege hakulia kwa sababu hakuweza kulia. Hakuna aliyekuwa ameliona hilo, wala kinyozi, wala wale wa kwenye simu.

Aliingia saluni kwa mlango, jambo ambalo hakuwa amezoea kulifanya. Benchi lilikuwa limejaa na limetulia, kwa maana siri iliyofika kwa mtu mmoja mtaani ilikuwa imekwisha kufika kwa wengi, na tangu asubuhi watu walikuwa wanamsalimia kinyozi kwa upole usio wa kawaida. Kipara alikuwa amemletea machungwa. Mwanafunzi mmoja alikuwa amempisha kwenye mlango kama mgonjwa.

"Karibu, mpinzani!" kinyozi alisema, na wote walisikia jinsi alivyofurahi. "Leo umeingia mpaka ndani. Una jambo."

"Ninalo."

"Toa hoja."

Fundi viatu alisimama na kitabu mkononi, ukurasa umewekewa kipande cha ngozi. Alimtazama kinyozi. Akaona shati lake limepigwa pasi vizuri na kola yake imekuwa kubwa kuzidi shingo. Akaona juu ya rafu, nyuma ya chupa za spiriti, taulo nyeupe iliyofungwa na ambayo hakuna mtu aliyeigusa. Alifungua kinywa aseme kuhusu koo la ndege.

"Nimefikiri," alisema. "Nimesoma mwenyewe. Umeshinda, ndugu yangu. Yu hai."

Hakuna aliyecheka wala kushangilia. Kipara alitazama machungwa yake.

"Unasemaje?" kinyozi akauliza.

"Nasema yu hai. Ndege hakulia. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo."

Mashine ilikuwa ikinguruma mkononi mwa kinyozi, haijagusa kichwa cha mtu. Aligeuka akamtazama Kipara, na Kipara akatikisa kichwa kukubali upesi, upesi mno. Akawatazama wanafunzi. Wote walikubali. Akatazama machungwa. Kisha akamrudia yule mtu mkaidi kuliko wote mtaani, mtu aliyeweza kubishana na mvua, na akaona macho yake yamejaa maji.

"Wewe," alisema kinyozi. "Wewe hujawahi kunikubalia hata saa ni ngapi."

"Leo nakukubalia."

"Nibishie."

"Kinyozi..."

"Nibishie, bwana! Sema kaanguka. Sema wanaoanguka hufa. Si ulisema?" Sauti yake ilianza kupasuka. "Sema ndege wangu wana kazi nyingi. Nakuomba. Wewe ukinikubalia mimi nimebaki na nani? Nibishie!"

Fundi viatu alijaribu. Aliinua mkono wenye kitabu, akaushusha. Akafanya jambo moja aliloweza: akanyoosha mkono, akazima mashine.

Kinyozi akakaa kwenye kiti chake cha kunyolea. Katika miaka yote hakuna aliyekuwa amemwona amekikalia. Kioo kilikuwa mbele yake na hakuwa na pa kugeukia. Alijitazama humo, na watu nyuma yake wamesimama, wote, kama wanavyosimama watu msibani.

"Kumbe mnajua," alisema.

*

Alifika nyumbani jua bado likiwaka. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza ameingia, kiatu kilichoshonwa kiko mguuni. Alimwona mumewe mlangoni, taulo nyeupe kifuani, na nyuma yake, hatua kadhaa mbali, fundi viatu na Kipara na wengine, wamebeba benchi la saluni kwa pamoja, hawajui walishushe wapi.

Kinyozi aliweka taulo juu ya meza. Akaifungua. Akaichukua mashine, akaibana mara moja. Ilipita laini.

"Mama watoto," alisema. "Lia."

Mama alikuwa amekizuia kilio kile kwa wiki nyingi, katika bomba, katika mashuka, katika ncha ya mtandio. Sasa kilipotoka hakikuwa kikubwa mwanzoni. Kilianza chini kama mlango unaofunguka, kikapanda, kikatoka dirishani, kikavuka ua. Milango ya majirani ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Benchi likashushwa uani. Watu wakaja.

*

Kitabu cha sita kilitoka wakati watu wameshaanza tena kucheka saluni, ingawa kwa kujizuia. Binti alikipata siku ya kwanza, akasoma kurasa chache dukani amesimama, na kutwa nzima akakificha ndani ya mkoba, asijue afanye nini nacho. Jioni alipita saluni. Baba yake alimwona kwenye kioo.

"Kimetoka?"

"Kimetoka, baba."

Kinyozi aliendelea kunyoa, akazunguka sikio la mteja kwa uangalifu.

"Yu hai?"

Binti alimtazama fundi viatu dirishani, kama anayeomba msaada, kisha akasema ukweli. "Yu hai. Ametokea upande wa pili. Kuna njia ilikuwa chini. Amefika kwao, mama yake amempokea mlangoni."

Mashine iliendelea kunguruma, lakini mkono ulikuwa umesimama. Kipara alifumba macho. Kinyozi alikuwa anatazama mahali fulani ndani ya kioo ambapo hapakuwa na mtu.

"Nilisema," alinong'ona. "Nilisema kuna njia."

Ndipo fundi viatu alipotupa nyundo chini na kuingiza kichwa dirishani, uso umekunjamana kwa machozi na hasira.

"Si yeye!" alisema kwa sauti ya juu. "Huyo aliyerudi si yeye. Ni zimwi limevaa sura yake. Someni vizuri, msiwe wajinga. Mbeba Taa alikufa kitabu cha tano, akalala, na mama yake alimlilia. Mimi hamnidanganyi!"

Kinyozi aligeuka taratibu. Walitazamana, kinyozi na fundi viatu, dirisha katikati yao. Kisha kinyozi akapangusa uso kwa mkono wa shati, akashusha mashine kwenye kisogo cha mteja, akaanza tena pale alipoachia.

"Haya," alisema. "Toa hoja."